Stata-dainamo ya Trekta Dogo la Zamani: Mwongozo wa Kuitengeneza Nyumbani kwa Wakazi wa Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkulima, fundi wa mtaani au msimamizi wa shamba la taasisi aliyeko Kigoma Mjini, Ujiji au vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambaye amebaki na trekta dogo la petroli la miaka ya 1960 lisilowaka kwa swichi, au linalowaka lakini betri haichajiwi. Haumfanyi mtu kuwa fundi wa umeme wa magari kwa siku moja. Unamsaidia kujua ugonjwa uko wapi kabla hajafungua kitu, kufanya yale yanayowezekana kwenye benchi la nyumbani, na kutambua mahali pa kuweka spana chini.

Agizo la kwanza, ambalo ndilo huvunjwa zaidi: usiifungue mashine mpaka umepima betri, nyaya, arthi na mkanda. Nimeona stata-dainamo nzima ikifumuliwa, waya za koili zikikatika kwa kuvutwa, na mwishowe kosa likawa kutu chini ya boliti moja ya arthi. Koili zilizokatika siku hiyo hazikuwa na kosa lolote asubuhi yake.

MASHINE MOJA, KAZI MBILI

Katika trekta kubwa tulilozoea, tuseme Massey Ferguson 135, stata iko peke yake na meno yake huuma flaiwili, na dainamo iko peke yake ikizungushwa na mkanda wa feni. Watengenezaji wa matrekta ya bustani wa Marekani waliona anasa kuweka mashine mbili kwenye injini ndogo. International Harvester walipoanza kuuza Cub Cadet mwaka 1961, likiwa na injini ya Kohler ya nguvu farasi 7, ubavuni mwa injini kulikuwa na pipa moja la chuma la Delco-Remy lililofungwa kwa mkanda. Ukiwasha swichi, betri hulisukumia umeme nalo huizungusha injini. Injini ikishika, mkanda ule ule hubadili bwana: injini ndiyo inayolizungusha pipa, nalo huanza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye betri.

Ndani yake hakuna jambo la ajabu. Katikati kuna amecha, yaani mhimili uliosukwa waya. Mwisho wa amecha kuna komyuteta, pete ya shaba iliyokatwa vipande vyembamba vilivyotenganishwa kwa mika. Brashi mbili za kaboni hukandamiza komyuteta kwa springi. Kuta za ndani zina koili za fildi, ambazo kazi yake ni kutengeneza sumaku. Nje hutoka vichwa viwili, kimoja kimeandikwa A, cha amecha, na kingine F, cha fildi. Kutoka hapo nyaya huenda kwenye soleno ya kuwashia na kwenye regyuleta, sanduku linalosimamia uchaji wa betri.

Trekta la namna hii ni geni Kigoma. Kwa wengi jembe la mkono ndilo linalolima, na panapopita mashine mara nyingi ni pawatila ya dizeli inayowashwa kwa hendeli. Kwa hiyo usitarajie kukuta dukani kipuri chenye jina la trekta lako. Hilo lisikuvunje moyo: karibu kila kinachochakaa ndani ya pipa hili hununuliwa kwa namba au kwa kipimo, wala si kwa jina.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Trekta ni la petroli. Lisogeze nje, mbali na jiko, mbali na sufuria la mawese linalochemka, mbali na mvuta sigara. Weka gia huru na uzuie magurudumu kwa mawe. Chomoa waya wa plagi, kwa maana injini ndogo ikishika ghafla na mkono uko kwenye mkanda, vidole haviponi. Vua pete na saa. Kila unapofungua nyaya za betri, anza na ule wa arthi, na uwe wa mwisho kurudishwa. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, basi usiichungulie kwa kiberiti. Kama maji ya betri yamekumwagikia, jimwagie maji safi mengi papo hapo.

Hakikisha pia ni upande gani wa betri unaoenda kwenye bodi. Kwa Cub Cadet ni hasi. Baadhi ya mashine kuukuu za Uingereza zilifungwa chanya kwenye bodi, na mtu aliyebadilisha betri miaka kumi iliyopita huenda aligeuza bila kumwambia yeyote.

NJE YA PIPA

Anza na betri, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa. Mita ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12 usiendelee na kipimo kingine chochote: chaji kwanza. Kisha mtu awashe swichi wakati wewe unaangalia mita. Volti zikishuka chini ya 9.6 injini ikiwa inazungushwa, betri imechoka au kuna kitu kinachoikaba mashine. Betri ya sola inayowasha taa za nyumbani usiku kucha si lazima iweze kuwasha trekta. Hiyo imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, ilhali stata hutaka umeme mwingi kwa sekunde chache.

Sasa nyaya. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri chenyewe, nyingine kwenye kichwa A cha pipa, mwenzako azungushe injini. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, ama kwenye waya uliooza ndani ya ngozi yake ama kwenye soleno. Rudia kwa upande wa arthi: kichwa hasi cha betri na bodi ya pipa. Hapa ndipo penye hila. Rangi nzuri aliyopaka mtu juu ya trekta imeingia kati ya mguu wa pipa na injini, na umeme haupiti kwenye rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo kwa juu kuzuia kutu.

Jaribu kuzungusha injini kwa mkono ikiwa plagi imetolewa. Ikiwa nzito, ugonjwa uko kwenye injini na stata haina kosa.

Kisha mkanda. Katika trekta hili mkanda ndio mshipa wa kila kitu, na unabeba mzigo mkubwa zaidi wakati wa kuwasha kuliko wakati wa kuchaji. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili: uingie kama milimita 12. Ukilegea utalia na kuteleza, nawe utadhani stata imekufa. Ukikazwa kupita kiasi utaua beringi. Mkanda uliong'aa kama kioo ubavuni umekwisha hata kama haujapasuka. Upana wa juu ukiwa karibu milimita 13, huo ni wa saizi A. Ule wa milimita 17 ni B na hautakaa kwenye puli ya A. Pima urefu kwa kamba juu ya puli, ukiwa umelegeza pipa, kisha uende kwenye maduka ya vipuri vya mashine za kusaga pale Mwanga, Kigoma Mjini. Mashine ya kusaga haina haya ya kuuziana mkanda na trekta.

KUPIMA PIPA BILA KULIFUNGUA

Toa mkanda. Unganisha kichwa F na bodi ya pipa kwa waya mfupi. Chanya cha betri kipeleke A kwa waya mnene, hasi kwenye bodi. Pipa lizunguke kama mota, kwa utulivu, kwa upande ule ule ambao injini huzunguka. Kama umelitoa kwenye trekta, libane kwanza kwenye jiliwa: litaruka.

Likizunguka vizuri, amecha, brashi na fildi zina uhai. Likizunguka kwa kusitasita na cheche nyingi, tazama brashi na komyuteta. Likivuma bila kuzunguka, beringi imekufa au amecha imegusa ukuta. Lisipofanya lolote, ondoa nyaya za betri na ule waya mfupi, kisha pima om kati ya F na A: hapo utakuwa unazisoma koili za fildi, na kwa mashine hizi za volti 12 mara nyingi utapata kati ya 5 na 10. Mita ikionyesha wazi kabisa, fildi imekatika. Ikionyesha karibu sifuri, zimegusana.

Onyo kwa wenye Massey Ferguson au mashine nyingine ya Kiingereza yenye dainamo ya Lucas: ufungaji wake ni tofauti. Vichwa vyake ni D na F, na fildi hupata arthi ndani ya dainamo yenyewe. Kwa hiyo katika kipimo hiki D na F huunganishwa pamoja, chanya kikapelekwa hapo. Usipeleke F kwenye bodi. Atakayefuata maelezo ya Delco kwenye Lucas hatapata jibu, kisha ataitupa dainamo nzima.

KULIFUNGUA

Piga alama kwa patasi kwenye mfuniko wa mbele, ukuta na mfuniko wa nyuma, ili virudi vilivyokaa. Piga picha kwa simu. Fungua boliti mbili ndefu zinazopita pipa zima, gonga mfuniko kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti, wala si bisibisi kwenye mshono.

Utakachokuta kwanza ni vumbi jeusi la kaboni. Vumbi hilo hupitisha umeme, na likichanganyika na unyevu wa ziwa hujenga njia ya siri kutoka komyuteta hadi kwenye bodi. Usilioshe kwa petroli wala dizeli: petroli hushika moto, dizeli hulainisha vanishi ya koili na kuacha mafuta yanayokamata vumbi jipya. Na asijaribu mtu kulipeleka ziwani kuliosha pamoja na pikipiki. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu, kisha mwombe fundi wa matairi akupulizie kwa kompresa.

Brashi zipime urefu. Zikiwa zimebaki nusu ya zile mpya, badilisha zote mbili kwa pamoja. Hapa Kigoma kosa la kawaida ni kutoa brashi kwenye grainda au drili ya umeme wa nyumba na kuzisaga ziingie. Zitaingia, ndiyo. Lakini zile ni za volti 220 na ukinzani wake ni mkubwa: zitachemka, injini itazunguka kwa uchovu, nawe utarudi kuilaumu betri. Tafuta brashi za dainamo au stata ya gari ya volti 12, kubwa kidogo kuliko zako, uzisage taratibu kwenye msasa bapa mpaka ziteleze ndani ya nyumba yake bila kubana. Epuka zile nyekundu sana zenye shaba nyingi. Pipa hili huzunguka muda wote injini inapofanya kazi, tofauti na stata inayofanya kazi sekunde tano kisha ikapumzika, na brashi yenye shaba nyingi huila komyuteta.

Ili brashi mpya ikae sawa, zungushia komyuteta msasa laini, upande wenye mchanga ukitazama brashi, kisha zungusha amecha kwa mkono mpaka uso wa brashi ufuate duara. Usitumie msasa mweusi wa chuma: punje zake hupitisha umeme na hujificha kati ya vipande. Puliza tena.

Komyuteta yenye afya ina rangi ya kahawia iliyokolea na uso laini. Hiyo rangi iache, si uchafu. Yenye mifereji ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza chuma, apunguze kiasi kidogo tu mpaka duara irudi. Baada ya kukereza, mika iliyo kati ya vipande itakuwa imelingana na shaba, na brashi itaruka juu yake. Ichimbe kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa ubavu, kina cha karibu milimita 0.8. Kazi hii huchukua mchana mzima na haitaki haraka. Vipande viwili vinavyotazamana vikiwa vimeungua wakati vingine ni vizima, waya wa amecha umekatika. Tazama kwanza mahali waya unapolehemiwa kwenye kipande: mara nyingine lehemu imeyeyuka tu, na inarudishwa.

Pima amecha kwa taa ya majaribio: ncha moja kwenye kipande chochote cha komyuteta, nyingine kwenye mhimili. Taa isiwake. Ikiwaka, kausha kwanza kabla ya kukata tamaa.

Na kukausha kuna adabu yake. Anika amecha na ukuta wenye koili juani, juu ya bati, kama dagaa wanavyoanikwa mwaloni Kibirizi, ukigeuza kila baada ya muda, siku mbili au tatu za jua kali. Jioni ingiza ndani kabla umande haujashuka. Usiweke juu ya mkaa wala kwenye tanuri ya mkate. Trekta lililonifundisha nusu ya haya lilikuwa limekaa misimu miwili ya mvua chini ya mwembe, Ujiji, na taa ilikuwa ikiwaka kila nilipoligusa. Baada ya siku tatu za jua ikazima, na halikuhitaji kusukwa.

Beringi ya upande wa puli isomwe namba ubavuni. Namba hiyo ndiyo jina lake. Ukikuta 6203, hiyo ni beringi ya tundu milimita 17, upana wa nje 40, unene 12, na ni hiyo hiyo Mwanga, Kasulu na Dar es Salaam. Nunua yenye mfuniko wa mpira pande zote. Upande wa pili huwa na bushi ya shaba: ikilegea, amecha hushuka na kusugua kuta, nawe utaona alama za mng'aro upande mmoja. Bushi huchongwa na fundi wa kukereza. Iloweshe kwenye mafuta mepesi usiku mzima kabla ya kuifunga.

Kuhusu grisi, mji huu una ushahidi wake. Meli ya Graf von Götzen, iliyoungwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, na kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Basi paka grisi kwenye boliti, kwenye miguu ya pipa, kwenye vichwa vya betri. Kwenye komyuteta na brashi, hata tone moja lisiingie.

KURUDISHA NA KUSIMIKA SUMAKU

Rudisha kwa kufuata alama zako. Kabla ya kufunga mkanda, zungusha kwa mkono, usikie kama kuna kinachosugua. Funga nyaya zote, arthi ya betri mwisho. Injini ikiwa imezimwa, gusisha kwa waya mfupi kichwa B, yaani cha betri, na kichwa cha amecha kwenye regyuleta, mara moja tu, upate cheche. Hilo huhakikisha sumaku iliyobaki kwenye chuma inatazama upande wa betri yako. Kwa mashine ya Delco kule kuzungusha injini kwa betri hufanya kazi hiyo hiyo, lakini cheche moja haina gharama. Kwa Lucas, usifanye hivyo: chomoa waya wa F kwenye regyuleta, uuguse mara moja kwenye upande wa betri usioenda kwenye bodi.

Washa. Kwa mwendo wa kati, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipopanda, chomoa waya wa F kwenye regyuleta na uuguse kwenye bodi kwa sekunde chache, si zaidi ya kumi. Volti zikiruka juu, pipa ni zima na regyuleta ndiyo yenye kosa. Zisiporuka, rudi kwenye pipa. Kwa Lucas kipimo hiki ni kuunganisha D na F. Kamwe usichomoe betri injini ikiwa inazunguka.

Regyuleta ya zamani ni sanduku lenye sumaku ndogo za kufungua na kufunga, moja ikiwa katauti inayozuia betri isimwage umeme wake ndani ya pipa injini ikizimwa. Unaruhusiwa kufungua kifuniko, kupitisha karatasi ngumu kati ya vidomo vyake kuondoa uchafu, na kuhakikisha sanduku lenyewe lina arthi. Usikunje springi. Fundi aliyepinda springi kwa jicho amechaji betri kwa volti 17 mpaka maji yakachemka.

MAHALI PA KUACHA

Amecha ambayo taa inaendelea kuwaka baada ya kukaushwa, fildi iliyokatika ndani kabisa, mhimili uliopinda: hivyo vipelekwe kwa fundi wa kusuka mota mwenye kifaa cha kupimia amecha. Ofisi ya SIDO na chuo cha VETA vilivyopo mkoani ni mahali pazuri pa kuuliza nani anakereza na nani anasuka, kuliko kuuliza kijiweni. Mwambie fundi asisuke kwa makisio: ahesabu mizunguko ya waya wa zamani na kupima unene wake kabla ya kuutupa.

Trekta linalofanya kazi Bonde la Luiche au karibu na ufukwe lihifadhiwe juu ya mbao, chini ya paa, pipa likiwa limefunikwa kwa gunia linalopitisha hewa. Nailoni hufungia unyevu ndani. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na 2021, mashine nyingi za mwambao zilikaa mahali ambapo miaka ya nyuma palikuwa pakavu, kwa hiyo usiamini mstari wa maji wa mwaka jana.

Ukimaliza, andika kwenye daftari la shamba namba ya beringi, saizi na urefu wa mkanda, urefu wa brashi ulizofunga, volti ulizosoma na tarehe. Brashi zikaguliwe tena Septemba, kabla mvua hazijaanza.